Nani Mwenye Haki ya Kusema "Leo Hatutoki"?

Tarehe 8 Desemba 2015, wanaume sita walikuwa wakipiga kasia katika Ziwa General Carrera, kusini mwa Chile, ziwa lililobanwa na milima ya Andes na linalovuka mpaka hadi Argentina, ambako huitwa Buenos Aires. Hawakuwa wageni wa maji, wala wa baridi. Miongoni mwao alikuwamo Douglas Tompkins, mwanzilishi wa The North Face, kampuni ya mahema na mavazi ya mlimani, aliyefika Patagonia kwa mara ya kwanza miaka ya 1960. Alikuwamo Yvon Chouinard, mpanda milima aliyeanzisha kampuni iitwayo Patagonia. Alikuwamo pia Rick Ridgeway, mmoja wa Wamarekani wa kwanza kufika kilele cha K2, mwaka 1978. Mtu akiambiwa achague kikosi kisichoweza kufa maji kwa ujinga, angeanza na majina hayo.

Upepo ulipochachamaa, kayaki ya watu wawili waliyokuwa wakiiendesha Tompkins na Ridgeway ilipinduka. Maji yalikuwa na joto la takriban nyuzi 4. Ridgeway aliokolewa akiwa hai. Tompkins, mwenye umri wa miaka 72, alishikiliwa juu ya maji na mwenzake aliyeyaweka rehani maisha yake mwenyewe, hadi helikopta ilipowafikia. Alipofikishwa hospitalini katika mji wa Coyhaique, joto la mwili wake lilikuwa limeshuka hadi nyuzi 19. Alifariki siku hiyohiyo.

Baridi ndiyo iliyomuua, na baridi ina utaratibu wake. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye kwa miaka mingi amechunguza yanayoupata mwili ndani ya maji ya baridi kali, anaufupisha kwa tarakimu tatu: 1, 10, 1. Katika dakika 1 ya kwanza mtu hutweta bila kuweza kujizuia, na akivuta pumzi wakati wimbi limemfunika, amekwisha. Dakika 10 zinazofuata ndizo alizonazo za kufanya jambo la maana kwa mikono yake: kurudi chomboni, kufunga kamba, kupuliza filimbi. Zikipita, vidole na mikono hugoma, hata iwe ya muogeleaji hodari. Saa 1 ni makadirio ya muda uliobaki kabla hajapoteza fahamu. Ndiyo maana wengi wasiovaa jaketi okozi huzama katika hatua hiyo ya pili, kabla baridi yenyewe haijamaliza kazi yake.

Msomaji wa Kigoma, Mwanza au Kisumu anaweza kusema hayo ni mambo ya Chile. Uso wa Victoria, Tanganyika na Nyasa kwa kawaida huwa na nyuzi ishirini na kitu, na watoto huoga humo asubuhi na jioni. Ni kweli. Maji ya namna hiyo humwongezea mtu muda, lakini hayamwondolei hatari, kwa kuwa mwili wenye nyuzi 37 huendelea kupoteza joto ndani yake saa baada ya saa. Tena kayaki tupu, nyepesi na yenye kuelea juu, husukumwa na upepo haraka kuliko mtu anavyoweza kuogelea. Aliyeiachia kwa sekunde chache hubaki akiitazama ikienda. Kilichobaki hapo ni mtu, mawimbi na uchovu, na uchovu haujali kama maji ni ya baridi au ya vuguvugu.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa zamani. Mwaka 1934 msafara wa kisayansi wa Waingereza ulioongozwa na Vivian Fuchs ulifika katika Ziwa Turkana, wakati huo likiitwa Rudolf. Wanachama wawili wa msafara walivuka kwa boti kwenda Kisiwa cha Kusini kukichunguza. Hawakurudi, na miili yao haikupatikana. Vitu vichache vya safari yao vilikuja kuokotwa baadaye, vimesukumwa na maji hadi ufuko wa magharibi. Fuchs huyo ndiye aliyekuja kuongoza msafara wa kwanza kulivuka bara la Antaktika kwa nchi kavu, mwaka 1957 hadi 1958. Mtu aliyeyaweza mabarafu ya ncha ya dunia alipoteza wenzake wawili katika ziwa la jangwani.

Leo, kusini-mashariki mwa ziwa hilo, karibu na Loiyangalani, imesimama mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo yenye uwezo wa megawati 310. Wahandisi hawakuichagua sehemu hiyo kwa uzuri wa mandhari. Waliichagua kwa sababu upepo unaopenya kati ya nyanda za juu za Kenya na Ethiopia hupita hapo kwa nguvu karibu mwaka mzima. Upepo unaowasha taa Nairobi ndio huohuo unaovuma juu ya maji ambayo mtalii wa leo hupewa kama mahali pa kupigia kasia.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo vitabu vya kuwaongoza wageni havilisemi: kila ziwa lina saa zake. Turkana hupigwa zaidi na upepo usiku na asubuhi, kisha mchana hupungua. Anayekwenda Victoria na kanuni hiyo ataipata kinyume. Huko nchi kavu ikipata joto mchana, upepo wa ziwani huanza kuingia ufukoni alasiri, na usiku mambo hugeuka: hewa kutoka pande zote hukutana juu ya maji yenye joto na kuumba radi na dhoruba zinazowakuta wavuvi katikati ya ziwa. Nyasa na Tanganyika, zilizolala kwa urefu wa mamia ya kilomita kutoka kusini kwenda kaskazini, zina kusi ya miezi ya kiangazi, ambayo upande wa Malawi huitwa mwera. Upepo huo ukishika njia ya ziwa zima, mawimbi huwa na mwendo mrefu wa kukua kabla ya kumfikia mtu.

Kusi hiyo huvuma hasa kati ya Mei na Septemba. Msimu mkuu wa watalii Tanzania huanza Juni na kwenda hadi Oktoba, kwa sababu barabara zimekauka na wanyama wanaonekana. Kwa hiyo miezi ambayo kambi za ufukoni zimejaa wageni ndiyo miezi ambayo maziwa hayo mawili yana hasira zaidi. Na fukwe zake nyingi hazimpi mtu pa kukimbilia. Milima ya Livingstone hushuka wima hadi ndani ya Nyasa, na Hifadhi ya Mahale, kando ya Tanganyika, haina barabara ndani yake. Mgeni akisombwa na upepo hapo, hakuna gari litakalomfuata ufukoni.

Kuna mtego mwingine ambao humnasa hata mtu makini. Upepo ukitoka nchi kavu kwenda ziwani, maji ya karibu na ufuko hubaki laini, maana mlima au miti inayakinga. Mtalii husimama mchangani, akaona ziwa limetulia, akapiga picha, akaingia. Mita mia chache mbele kinga inaisha. Upepo unamsukuma mgongoni na safari inakuwa tamu kweli, hadi anapogeuza kayaki arudi na kugundua kwamba kila anapopiga kasia kwenda mbele anarudishwa nyuma.

Nani anayajua haya? Mvuvi wa mwalo wa karibu anayajua, na kijana aliyekulia pale akaajiriwa na kambi kuwasindikiza wageni anayajua vilevile. Mamlaka za hali ya hewa nazo zimepiga hatua. Katika Ziwa Victoria, mradi wa HIGHWAY, ulioendeshwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na mamlaka za nchi zinazolizunguka ziwa, ulisaidia kuandaa tahadhari za upepo na mawimbi kwa ajili ya wavuvi na wasafiri. Elimu ipo. Kinachokosekana ni uwezo wa mwenye elimu hiyo kuitumia.

Wavuvi wenyewe ni ushahidi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya watu 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria, wengi wao wavuvi. Hawafi kwa kutojua kwamba wingu la upande ule si zuri. Wanatoka kwa sababu mwenye chombo anataka hesabu yake, mafuta yamekopwa, na nyumbani hakuna kitu. Mtu anaweza kulijua ziwa kama kiganja chake na bado likamuua, ikiwa uamuzi wa kutoka au kubaki si wake.

Mwongoza watalii yuko katika hali hiyohiyo, ila amevaa fulana yenye nembo ya kampuni. Mshahara wake ni mdogo. Bakshishi ndiyo mshahara. Mgeni amelipa kabla hajapanda ndege, ratiba yake ina siku moja tu ya ziwa, na kesho yake ana ndege ndogo ya kumpeleka mbugani. Meneja anaogopa malalamiko yatakayosomwa mtandaoni na dunia nzima. Mgeni mwenyewe anasema amewahi kupiga kasia Norway. Kijana akisema, "Samahani mzee, leo ziwa si zuri," anajua kwamba anayeadhibiwa kwa neno hilo ni yeye. Akikaa kimya na safari ikaisha salama, hakuna atakayemuuliza chochote. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Ni ushauri mzuri kwa mwenye deni au mwenye posa. Kwa mtu aliyesimama ufukoni amelipia kayaki, ni ushauri wa kuua.

Uingereza ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 22 Machi 1993 wanafunzi wanane kutoka Plymouth, pamoja na mwalimu wao na wakufunzi wawili wa kituo cha michezo, walitoka kwa kayaki katika ghuba ya Lyme. Ile ilikuwa bahari, lakini mambo yalikuwa yaleyale: safari fupi iliyopangwa ya saa chache, upepo uliowasukuma mbali na nchi, kayaki zilizojaa maji, na msaada uliochelewa. Wanafunzi wanne walikufa. Mahakamani ilibainika kwamba mwaka uliotangulia, wakufunzi wawili wa kituo hicho walikwisha kuonya kwa maandishi kuhusu usalama, kisha wakaondoka. Waliojua walisema. Hawakuwa na uwezo wa kuzuia.

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kusomwa kwa makini Dodoma, Nairobi, Kampala na Kigali. Mwaka 1994 mkurugenzi wa kampuni iliyoendesha kituo hicho alifungwa kwa kosa la kuua bila kukusudia, na kampuni yenyewe ikatiwa hatiani kwa kosa hilohilo, ya kwanza katika historia ya Uingereza. Mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria iliyoweka leseni na ukaguzi kwa wanaouza michezo ya hatari kwa watoto. Hukumu hiyo ilihamisha lawama kutoka kwa mkufunzi aliyekuwa majini na kuipeleka kwa mtu aliyekaa ofisini akipanga ratiba.

Afrika Mashariki haikosi vyombo vya kusimamia. Tanzania ina TASAC, yenye mamlaka juu ya usalama wa vyombo vya majini vikubwa na vidogo, na ina Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inayowapa leseni wenye biashara ya utalii. Kenya ilianzisha walinzi wake wa pwani mwaka 2018. Uganda ilipitisha Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021. Lakini macho ya sheria hizi yameelekezwa zaidi kwenye vivuko na boti za abiria, na zina sababu: ajali za kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, hii ya pili ikiua watu 228, hazisahauliki. Kayaki ya plastiki iliyoegeshwa mbele ya hoteli haionekani kama chombo. Inaonekana kama samani ya ufukoni.

Uchunguzi ukianza kwenye samani hiyo, jambo la kwanza kutazamwa ni jaketi okozi, na swali lisiwe kama lipo. Novemba 2018, katika ufuko wa Mukono, Uganda, boti ya starehe iliyobeba watu waliokuwa kwenye sherehe ilizama Ziwa Victoria na kuua zaidi ya watu 30. Haikuwa na leseni na ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Iliripotiwa pia kwamba majaketi yalikuwamo, lakini wengi walikataa kuyavaa. Marekani, ambako walinzi wa pwani huchapisha takwimu za ajali za boti za starehe kila mwaka, hali ni hiyohiyo: kati ya waliokufa maji ambao habari zao zinajulikana, zaidi ya wanane katika kila kumi hawakuwa wamevaa jaketi. Jaketi lililofungwa nyuma ya kayaki ni mzigo tu. Haliwezi kuvaliwa na mtu anayemeza maji huku chombo kikimkimbia.

Wanyama nao wana sehemu yao. Desemba 2010 Hendrik Coetzee, mpiga kasia wa Afrika Kusini aliyeheshimiwa sana katika mito ya Afrika, alinyakuliwa na mamba kutoka kwenye kayaki yake katika Mto Lukuga, Kongo, mto unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika. Wenzake wawili walikuwa karibu naye na hawakuweza kufanya lolote. Mahali pa mamba na njia za viboko haviandikwi kwenye ramani. Hubadilika kwa msimu, na anayevijua ni mkazi. Tunarudi palepale, kwa mtu yuleyule aliyevaa fulana ya kampuni.

Basi apewe uwezo. Leseni ya kila biashara inayokodisha kayaki au mitumbwi kwa watalii iwe na sharti kwamba mwongozaji wa eneo ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kutoka, na kwamba hakuna meneja wala mgeni anayeweza kulitengua. Sharti hilo halitakuwa na maana bila fedha: mwongozaji alipwe posho ya siku nzima hata kama chombo hakikuingia majini, na mkataba wa mgeni useme tangu mwanzo kwamba siku ya upepo atarudishiwa sehemu ya fedha zake au atapelekwa matembezi mengine. Uamuzi wenyewe uandikwe daftarini kila asubuhi, pamoja na utabiri uliotolewa na mamlaka ya hali ya hewa, ili mkaguzi akija aone kilichoamuliwa na nani aliyekiamua.

Mengine yanafuata, na mengi yake hayana gharama kubwa. Jaketi livaliwe na kufungwa kabla ya mguu kugusa maji, likiwa na filimbi. Mgeni apinduliwe kwa makusudi kwenye maji ya kina kifupi na kufundishwa kurudi chomboni. Akishindwa mbele ya ufuko, hataweza kilomita mbili ndani. Kayaki zisitoke bila boti ya injini iliyo tayari kuzifuata. Ufukoni abaki mtu mwenye karatasi inayosema nani ametoka, anaelekea wapi na saa ngapi atafutwe asiporudi. Na kule ambako simu haishiki, kama sehemu kubwa ya ufuko wa Mahale au mashariki mwa Turkana, kiongozi wa msafara abebe kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti.

Wenye hoteli watalalamika kuhusu gharama, hasa wale wadogo wa Matema, Karongi au Bunyonyi wanaotegemea mitumbwi michache. Malalamiko yao yasikilizwe, maana mwenye mitumbwi mitano hawezi kubeba mzigo wa kambi inayotoza mamia ya dola kwa usiku. Lakini katika orodha hii vifaa vya bei ni boti ya injini na kifaa cha setilaiti, na hivyo vinaweza kumilikiwa kwa pamoja na vikundi vya usimamizi wa fukwe ambavyo tayari vipo kwenye mialo mingi. Daftari na karatasi ya safari havigharimu hata tangi moja la mafuta.

Wapo pia watakaosema mgeni ni mtu mzima, ametia saini fomu ya kukubali hatari, na anayetaka kujitosa ajitose. Hoja hii ina uzito kwa mtu anayekuja na kayaki yake na kulala kwenye hema lake. Haina uzito kwa aliyekodishiwa chombo na mtu anayepata faida. Na fomu hiyo haijawahi kutiwa saini na mvuvi ambaye, kila mgeni akipotea, ndiye huombwa kuingia kwenye mawimbi yaleyale kumtafuta, mara nyingi bila jaketi na bila malipo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Huku kwetu tarehe hiyo hufika kusi ikiwa imepamba moto na kambi za Tanganyika na Nyasa zikiwa zimejaa. Wizara zinazosimamia utalii, pamoja na TASAC na wenzake wa Kenya, Uganda na Rwanda, zinaweza kuitumia kutangaza sharti la neno la mwisho la mwongozaji na kuanza kulikagua msimu huohuo, kwa kuanzia na kambi zisizofikika kwa barabara.